Mstari Chini ya Kisima

Karakana ya Magari, Nanyuki
14 Februari 1965

Kwa adeer yangu, ndugu wa baba yangu, Warfa Kulow, Garissa

Assalamu aleikum warahmatullahi. Nakujulia hali wewe, na mkeo Mama Shamso, na ngamia, maana nikiwasahau ngamia barua hii hutaimaliza. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku inaingia hadi kwenye meno.

Usishangae kuona Kiswahili. Lugha yetu ya Kisomali haina maandishi, Kiarabu changu kiliishia kwenye ubao wa chuoni, na wewe Kiswahili ulikiokota kwenye kazi ya barabara ukajifundisha kukiandika. Tena wenye kufungua barua zetu wakute kitu wanachokielewa, wasije wakadhani ni siri.

Nina habari njema. Hapa kwenye karakana ya jeshi mimi ndiye ninayepaka namba za magari. Sasa imeundwa kampuni mpya ya kusindikiza misafara ya huko kwetu, Garissa hadi Modogashe, Wajir na mbele. Meja wetu, Mwingereza aliyebaki, alitaka iwe na nembo: ngao, mikuki miwili iliyopishana, na simba katikati. Nikamwambia, "Afande, huko simba ni mwizi. Ukiwaonyesha watu simba watafunga mazizi." Akacheka. "Basi, koplo, niletee kitu cha huko kinachopendwa."

Nikakaa na penseli. Kilichokuja mkononi chenyewe ni duara lililo wazi juu, na nukta katikati. Alama ya ngamia wetu, adeer! Nikamweleza kwamba ni kisima na ndoo yake, na kwamba kazi ya kampuni ni kulinda maji na wanaoyanywa. Alipiga meza kwa furaha, ngao na mikuki vikabaki, simba akaondoka. Mchoro ulikwenda Nairobi ukarudi na mhuri. Sasa uko kwenye beji za kofia, kwenye bendera, na kwenye milango ya malori yote, mweupe juu ya kijani, na milango yote nimeipaka kwa mkono wangu.

Ukiyaona yanapita Garissa, jua ni mimi ninakusalimia.

Mwanao,
Hirsi Dubow


Garissa
3 Aprili 1965

Adeer Hirsi,

Waaleikum salaam, mwana wa ndugu yangu, maana adeer huitikiwa kwa adeer. Miili yetu ni mizima. Shamso anauliza kama unakula. Ngamia walikuwa wazima hadi malori yako yaliponisalimia.

Nani alikuambia ile alama ni kitu cha kugawa? Duara ni la ukoo, hilo sikuzuii. Nukta ni yangu. Baba yako Dubow alipokufa, wewe ulikuwa bado tumboni, na nyumba yetu haikuwa na ngamia hata mmoja. Mimi na rafiki yangu Alio tukaenda kuchimba kisima cha watu pale Modogashe, kiangazi kizima, na ujira wetu ukawa ngamia jike mmoja kwa kila mtu. Sikurithi, sikupewa, sikuoa kwa matajiri. Nilipomchoma ngamia yule alama ya ukoo, nikaongeza nukta, ili kesho asije jamaa akasema yeye ndiye aliyenipa. Nukta ile ni jasho langu. Wewe umeichukua ukampa Mwingereza acheke na kupiga meza.

Sasa nijibu, wewe uliyesoma. Alama ikiwa kwenye shingo ya ngamia, ngamia ni wa nani? Wa mwenye alama. Ikiwa kwenye kiriba? Cha mwenye alama. Ikiwa kwenye lori lililojaa askari? Watu wa hapa hawajui nembo, wanajua chapa.

Msafara wenu ulisimama kwenye kizuizi cha barabarani karibu na mkahawa tunapokunywa chai. Alio akainuka, akalizunguka lori la kwanza polepole kama anayetaka kulinunua, akaligonga mbavu, akainama kulitazama chini. Akarudi akaketi. "Warfa, ndugu yangu, mbona hukutuambia? Dume lako hili linakunywa nini?"

Mwingine akadakia, "Mwulizeni kama linazaa."

Wakacheka hadi chai ikamwagika. Nikacheka nami, nifanye nini? Lakini Modogashe hawakucheka. Wachungaji wangu waliambiwa, "Zamu yenu haipo. Mwenye malori abebewe maji na malori." Ngamia arobaini na sita walisimama kwenye mdomo wa kisima nilichokichimba mimi, wakatazama wa wengine wakinywa, kisha wakapelekwa kwenye kisima cha mbali chenye maji ya chumvi. Kati yao kumi na watano wana maziwa. Wakikauka, nusu ya mji huu inakunywa chai nyeusi, na lawama ni yangu.

Ifute alama hiyo. Warudishie simba wao.

Adeer yako,
Warfa


Nanyuki
9 Juni 1965

Adeer,

Salaam nyingi kwako na kwa Mama Shamso. Mwambie nakula, ila ugali wa hapa ni kama udongo wa kusiliba ukuta.

Nilisoma barua yako nimesimama, nikaisoma tena nimeketi. Siwezi kuifuta. Mimi ni koplo. Nembo ikishapigwa mhuri inakuwa amri, na mwenye kuifuta ataulizwa kwa nini, hasa akiwa anaitwa Hirsi Dubow.

Hujui jinsi ninavyoishi hapa. Kila lori letu linapopigwa huko, kuna mtu atakayenigeukia wakati wa chakula aseme, "Ndugu zako hao." Kitanda changu kimepekuliwa mara mbili. Siku beji zilipogawiwa, yule aliyekuwa akiniita shifta, kama wale waasi wa nyikani, aliivaa kofiani, akajitazama kwenye kioo cha lori, akasema, "Hirsi, hii umechora wewe? Ni nzuri." Adeer, tangu nivae gwanda hili ni siku hiyo tu niliyolala kama mtu aliye kwake.

Nilichora kilichokuwa kizuri kuliko vyote ninavyovijua. Sikujua nilikuwa nakuibia.

Mwanao,
Hirsi


Garissa
21 Septemba 1966

Adeer Hirsi,

Amani iwe juu yako. Mwaka umepita na miezi juu yake. Mwanzo nilinyamaza kwa hasira, halafu nikanyamaza kwa mazoea. Shamso ameugua malaria akapona. Anasema nikufungulie moyo kabla hajaugua tena.

Sikia yaliyotokea, kwa mpangilio.

Mashifta walikuja malishoni mchana kweupe. Kiongozi wao akagusa shingo ya ngamia wangu kwa fimbo. "Hawa ni wa serikali." Mchungaji wangu akasema, "Hapana, ni wa Warfa." "Ndiyo huyo huyo, Warfa wa malori." Wakachukua kumi na mmoja. Ngamia wa Alio walikuwa wakila mti uo huo, wakaachwa.

Haukupita mwezi, wakaja askari kutuhamishia kwenye kijiji cha waya, wanachokiita cha ulinzi, na kuswaga mifugo kwenda kwenye boma la serikali. Walikuwa wa kampuni yako. Sajini mmoja, mtu wa bara, akaona shingo ya ngamia wangu. Akavua kofia, akaiweka beji kando ya alama, akatazama huku, akatazama huku, akaangua kicheko. "Hawa ni wetu! Waacheni!" Wakapita. Wakaswaga nusu ya ngamia wa Alio, wakasema waliobaki watawarudia.

Jioni hiyo Alio akaja kwangu na wenzake, na chuma cha kuchomea mkononi.

"Warfa, nichomee."

"Nikuchomee nini?"

"Usijifanye mgeni. Nukta yako. Tulikuwa tunakucheka, sasa tunakuomba. Cheka wewe."

Sikucheka. Nikawapigia hesabu. "Nina thelathini na watano. Nikichoma wenu wote nitakuwa na zaidi ya mia mbili. Yule sajini hajui ngamia, lakini mia mbili anaijua. Atachukua wote, na mchoraji wa nembo, mwanangu, atafungwa. Tena ngamia mwenye alama yangu ni wangu mbele ya wazee wowote. Leo tunaelewana. Kesho tukifa, wanetu watauana."

Alio akasema, "Nimekuja kwa mtu tuliyechimba naye, nimemkuta karani." Akatupa chuma chake mlangoni kwangu, akaondoka nao.

Asubuhi ya tatu ngamia wa Alio waliobaki wakaswagwa.

Hirsi, mchanga uliponifukia ndani ya kile kisima, Alio ndiye aliyenivuta kwa kamba hadi ngozi ya viganja vyake ikatoka. Sasa hapa kambini vibanda vyetu vinatazamana. Nikimpa salaam anaangalia waya. Asubuhi Shamso akikamua, watoto wa mstari mzima wa vibanda wanasimama kutazama povu la maziwa. Tunawapa, wanawake wao wanakuja kuwavuta mkono. "Msinywe maziwa ya malori." Mashifta huchukua ngamia wangu kwa sababu ya nukta, askari huniachia ngamia wangu kwa sababu ya nukta, na mimi katikati sina mtu wa kusalimiana naye.

Kwa hiyo nakuomba jambo, na safari hii linafanyika. Unajua kijana akihama kwenye zizi la mzee wake akaanza lake, huchukua alama ya nyumba, akaongeza mstari chini. Hata kipofu anausoma kwa kidole. Wewe umehama. Sikulaumu, nasema lililoko. Weka mstari chini ya kisima, kwenye malori na kwenye beji. Watu watausoma. Hiki si cha Warfa, ni cha mwana aliyetoka kwake.

Usiniandikie kwamba askari hawataniachia ngamia tena. Nimeshaipiga hesabu hiyo. Wakichukuliwa, watakuwa wamechukuliwa kama wa Alio.

Adeer yako,
Warfa


Nanyuki
30 Januari 1967

Adeer Warfa,

Assalamu aleikum. Natumaini Mama Shamso ana nguvu, na kwamba barua hii itawakuta mahali nilipoiandikia.

Nimefanya. Nilingoja malori yarudi yamechubuka, nikayapaka upya, na kila nembo nikaiwekea mstari. Kwenye lori la kwanza nilifuta nikaanza tena. Wenzangu wanaona rangi. Mimi najua kila mlango ninaoupaka unasema sina tena fungu kwenye moto wako.

Meja mpya, Mkenya, aliuona siku hiyo hiyo. "Koplo, huu mstari ni nini?" Nikasema, "Mto Tana, Afande." Akautazama sana. "Sawasawa. Kisima bila mto kilikuwa kinapungukiwa." Akaagiza beji mpya, zikatolewa kwa kampuni nzima, na karatasi ikabandikwa kwenye ubao: *Ngao ni ulinzi. Mikuki ni utayari. Duara na nukta ni kisima, uhai wa nyika. Mstari ni Mto Tana.* Imepigwa mhuri. Nchi nzima itaiamini, isipokuwa kila mchunga ngamia kutoka Garissa hadi Tarbaj.

Sasa ni zamu yangu kuuliza. Nilipozaliwa ulifunga kitovu changu kwenye mkia wa ndama wa yule ngamia wako wa kwanza, ukasema yeye na uzao wake ni wangu. Nikiwa mdogo nilikuwa nawahesabu hadi nalala. Wa uzao huo ni Adey, yule mweupe, na wanawe. Je, bado ni wangu? Au nimehama mikono mitupu?

Tena kuna hili. Mabomu ya barabarani yanararua milango, na Meja hataki malori yapite bila nembo. Nimeamriwa nisafiri na misafara, nipake huko huko. Huenda nikapita Garissa. Sijui kama nitaruhusiwa kushuka.

Sijui nitie saini vipi.

Hirsi, aliyehama


Garissa
12 Mei 1967

Adeer Hirsi,

Waaleikum salaam. Shamso amepata nguvu. Ananigombeza vizuri kabisa.

Kwanza saini yako. Tia "mwanao" kama zamani. Kinachohama ni zizi.

Malori yalipita. Tulikuwa tumeruhusiwa kutoka kwenye waya kwenda sokoni, na msafara ukasimama pale pale kizuizini. Nilikuwa mkahawani peke yangu, kama kawaida yangu siku hizi. Alio alikuwa nje. Nikamwona anaukaribia mlango wa lori, anapitisha kidole juu ya duara, kwenye nukta, chini kwenye mstari. Askari akamkemea, "Wewe mzee, ondoka hapo!" Akaondoka. Akaingia ndani, akavuta kiti kwenye meza yangu.

"Mwana kahama," akasema.

"Kahama," nikasema.

"Toka lini?"

"Toka alipokwenda. Rangi ndiyo iliyochelewa."

Akachukua kikombe changu bila kuniomba, akanywa yote, akakirudisha. "Chai yako haina maziwa, Warfa. Una ngamia wote hao na unakunywa chai nyeusi?" Nikamwambia kwamba tangu alipoacha kunisalimia, maziwa hayapiti kooni. Akasema, "Mpumbavu." Hirsi, nilikuwa na hamu ya kutukanwa na mtu yule kuliko hamu ya maji.

Sasa swali lako. Mtu akihama, ngamia wake hutengwa. Ndiyo haki, sikuhitaji kukumbushwa na koplo. Barua yako ilipofika niliwatoa Adey na wanawe watatu kwenye kundi, nikawasha moto, nikawachoma mstari chini ya nukta. Adey alinitemea hadi kwenye kilemba. Mikono mitupu hukuhama.

Kisha wakaja askari, na sajini ni yule yule. Akaweka beji yake mpya kwenye shingo ya ngamia wangu wa kwanza, akakunja uso. "Hapa hakuna mto." Akaweka kwa wa pili. "Hapa pia hakuna. Hawa si wetu, wapelekeni." Nilikuwa nimejiandaa. Walipita mmoja mmoja na mimi nimesimama na Alio, ameshika mkono wa kanzu yangu kama mtoto. Thelathini na mmoja. Jinsi walivyoishia ndani ya boma bila maji sitaandika. Mnaofungua barua hii mnajua.

Wakafika kwa Adey. Sajini akaweka beji, akapiga magoti kuangalia vizuri. "Hawa ndio wetu. Waacheni."

Wallahi sikukusudia. Nilipiga hesabu ya kila kitu na hiyo ikanipita, mimi ambaye hesabu hainipiti. Alio alicheka hadi akaketi chini. "Warfa, sasa wewe ni mchungaji wa mtoto wako."

Na ndivyo. Niliyeanza na ngamia mmoja nimebaki bila hata mmoja. Nyumba yangu ina ngamia wanne, wote wa mtu mwingine. Adey na binti yake mkubwa wana maziwa, na hayo ndiyo maziwa pekee katika mstari wetu wa vibanda. Mke wa mwana wa Alio, Osob, amejifungua, na kifua chake hakina kitu.

Ungekuwa wa zizi langu ningekamua nikagawa nisingemwuliza mtu. Lakini umetengewa chako, na mimi si mtu wa kugawa cha mwenzangu. Kwa hiyo nakuuliza wewe mwenye mali: nyumba ya Alio inywe? Na sisi, mimi na Shamso, tunywe?

Jibu upesi. Mtoto wa Osob hangoji posta.

Adeer yako,
Warfa


Garissa
18 Novemba 1967

Adeer Hirsi,

Salaam. Shamso hajambo. Nami sijambo, ila silali vizuri, nikisikia injini natoka nje.

Hukujibu. Nilituma ujumbe kwa dereva mmoja, hakuurudisha. Mwezi wa sita lilipita gari likikokota mlango wa lori uliokunjika kama karatasi. Nembo ilikuwa bado juu yake. Nikaukimbilia, mtu mzima mimi, kilemba kikaanguka. Rangi ya mstari ilikuwa mbichi kuliko ya duara. Nikamshika askari mkono.

"Anayepaka hizi yuko wapi?"

"Mpaka rangi? Yuko mbele, mzee."

"Mbele wapi?"

"Mbele."

Tangu siku hiyo nimewauliza wote wanaosimama kizuizini. Mmoja alisema Wajir. Mmoja alisema hospitali, hakujua ya wapi. Mmoja aliniuliza wewe ni nani wangu. Nikasema mwanangu, akatazama pembeni. Sasa redio inasema wakubwa wamekutana Arusha na vita vimekwisha. Waya bado uko. Ila malori yanapita mengi zaidi, na yote yana mstari, kwa hiyo kuna mtu anayeupaka. Hiyo ndiyo hesabu ninayoishika, na sitaki mtu anisahihishe.

Maziwa niligawa. Nilingoja jibu lako hadi mtoto wa Osob akaacha kulia kwa sauti, Shamso akaniwekea chombo mikononi, akasema, "Kamua, au nikukamue wewe." Nyumba ya Alio ikanywa, na mstari mzima ukanywa, na mwisho nikanywa mimi. Mtoto ananenepa. Wamempa jina lako. Nilipinga, hawakunisikiliza.

Kwa hiyo nimetumia cha mtu bila kumwuliza, kwa sababu kilikuwa ndicho kizuri nilichokuwa nacho karibu. Wewe ulichukua nukta yangu, mimi nimechukua maziwa yako. Usinidai, nami sikudai.

Adey amezaa juzi. Ni jike, mweupe kama mama yake, anasimama mwenyewe. Alio alichukua chuma chake, kile alichokitupa mlangoni kwangu nami nikakitunza, akasema amchome kabla hajapotea. Nikamkatalia. Ngozi yake nimeiacha safi. Nimeshachoma na kuchora vya kutosha juu ya mali ya wengine.

Chuma kiko kwangu, nimekifunga kitambaa. Njoo umchome mwenyewe.

Adeer yako, mchunga ngamia wako,
Warfa